Vitabu Vilivyotumika Havina Makao Noonkopir



Katika mji huu mtu akitaka suruali ya mtumba, kitanda kilichotumika au kipuri cha gari kuukuu, anajua aelekee wapi. Akitaka kitabu kilichotumika, kitabu cha kusoma na si cha kujiandalia mtihani, hupanda matatu kwenda Nairobi. Huko atawapata wauzaji wa kando ya barabara, wale wa "inama", walioitwa hivyo kwa sababu mnunuzi hana budi kuinama ili asome majina ya vitabu vilivyotandazwa chini. Nauli ya kwenda na kurudi huweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Mtu mzima mwenye mshahara atavumilia. Mwanafunzi wa sekondari hatakwenda, na hamu yake ya kusoma itaishia hapo steji.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado, kutoka watu 687,312 mwaka 2009. Mji wa Kitengela, ambao Noonkopir ni moyo wake, ulikuwa na zaidi ya watu 150,000. Humu wanaishi walimu, wauguzi, wafanyakazi wa viwanda vya Athi River na EPZ, wanafunzi wa vyuo na wazee waliostaafu. Haiwezekani kusema kwamba mji wa watu wengi namna hiyo hauna wasomaji. Wapo. Duka la vitabu vilivyotumika, lenye vitabu vizuri na bei ya mwananchi, ndilo adimu. Zipo sababu tatu kubwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba biashara hii nchini Kenya imeegemea shule kwa miaka mingi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, kitabu cha Hisabati kilitoka kwa mtoto wa kwanza hadi kwa kitinda mimba, kisha Januari mzazi akakiuza au akakibadilisha na kingine. Muuzaji alijua nini kitatafutwa na lini. Halafu mambo mawili yakafuatana. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa ilianza kupeleka vitabu moja kwa moja katika shule za umma. Mwaka 2019 mtaala wa umilisi, CBC, ukaanza kutekelezwa kote nchini kuanzia madarasa ya chini, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa mwaka 2023. Muuzaji aliyekuwa na marundo ya vitabu vya darasa la nane alibaki na karatasi ya kufungia nyama. Mabadiliko hayo yalikuwa na faida zake kwa mwanafunzi, lakini biashara iliyosimama kwa mguu mmoja ilikatwa mguu huo.

Sababu ya pili ni hesabu ya kodi. Chukua mfano wa muuzaji anayenunua kitabu cha hadithi kwa Sh100 na kukiuza kwa Sh200. Ikiwa chumba chake ni cha Sh15,000 kwa mwezi, atahitaji kuuza vitabu 150 ili alipe kodi tu, yaani vitano kila siku bila kupumzika Jumapili, kabla ya stima, kibali na chakula chake. Kitabu kilichotumika si mkate. Kinaweza kukaa rafuni miezi minane kikimsubiri mtu mmoja anayekitaka. Ndiyo maana vyumba vilivyo karibu na barabara ya Namanga huchukuliwa na biashara zinazozungusha pesa haraka, na duka linaloanza na vitabu humalizia na fotokopi, kalamu na salio la simu.

Sababu ya tatu ni uaminifu. Vitabu ambavyo serikali imepeleka katika shule za umma hupigwa chapa kuonyesha kwamba ni mali ya Serikali na haviuzwi. Kitabu cha namna hiyo kikionekana sokoni, kimeibwa, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kando yake huwekwa vitabu vya maharamia, vilivyonakiliwa bila idhini ya mwandishi wala mchapishaji, jambo linalokatazwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mnunuzi anaweza kujilinda. Kitabu halali kilichotumika huonyesha umri wake: jina la mwenyewe wa zamani, kona zilizokunjwa, karatasi iliyogeuka rangi. Kitabu kinachong'aa kama kipya kwa nusu bei, chenye maandishi yaliyofifia, kurasa zilizopinda na jalada lisilo wazi, kinafaa kutiliwa shaka. Muuzaji mwaminifu huumia zaidi ya wote, kwa maana hushukiwa pamoja na wezi.

Huenda mtu akauliza kama kuna hasara yoyote, ikiwa vitabu vipya vipo na simu imejaa maandishi. Hasara ipo, na Kajiado inaihisi kuliko kaunti nyingine. Mwaka 1971 shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948, lilichapisha kitabu cha S. S. ole Sankan kuhusu Wamaasai. Shirika hilo lilikwisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Nakala za toleo hilo hazitarudi katika maduka ya vitabu vipya. Ziko kwenye masanduku ya walimu wastaafu na makabati ya familia, na mwenye nazo akifariki, watoto wasiojua thamani yake huziwashia jiko. Ni hivyo hivyo kwa nakala za toleo la Heinemann la mwaka 1983 la kitabu cha Naomi Kipury kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai. Noonkopir leo ina watu kutoka kila pembe ya Kenya, waliojenga juu ya ardhi iliyokuwa malisho. Mgeni anayetaka kumjua mwenyeji wake, na kijana wa Kimaasai anayetaka kusoma yaliyoandikwa kuhusu watu wake, wote wawili wanahitaji mahali ambapo kitabu cha zamani kinaweza kuwafikia.

Upo mfano mwingine ulio karibu zaidi. Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, ilisomwa na watahiniwa wa kidato cha nne kote nchini kwa miaka kadhaa, kisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei ikachukua nafasi yake. Siku riwaya inapoondolewa kwenye mtihani, utamu wake hauondoki. Maelfu ya nakala hubaki majumbani bila kazi. Huo ndio wakati ambapo msomaji wa kawaida, asiye na mtihani wowote, angezipata kwa bei rahisi kama kungekuwa na mtu wa kuzikusanya.

Miji mingine imelitatua jambo hili kwa njia zake. Huko Wales, katika mji mdogo wa Hay-on-Wye wenye wakazi wasiofika 2,000, mtu mmoja, Richard Booth, alifungua duka la vitabu vilivyotumika mwaka 1962. Wengine wakamfuata, na mji usiojulikana ukawa unatembelewa na wasomaji kutoka mbali. Jijini Paris, kando ya mto Seine, zaidi ya wauzaji 200 huuza vitabu vya zamani katika makasha ya kijani yaliyofungwa kwenye kuta za mto. Jiji haliwatozi kodi ya nafasi, lakini linawawekea masharti: wafungue angalau siku nne kwa wiki, na katika makasha manne ya kila muuzaji, moja tu ndilo linaloruhusiwa kuwa la vitu vya kuuzia watalii. Jiji halikujenga maduka. Lilitoa nafasi, likadai kazi ifanyike.

Somo hilo linaihusu Kajiado moja kwa moja, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeziachia serikali za kaunti masoko, leseni za biashara na maktaba. Swali la mahali pa kuuzia vitabu halihitaji kupelekwa Nairobi. Linaweza kuulizwa hapa, katika vikao vya ushirikishaji wa umma ambapo bajeti na mipango ya masoko hujadiliwa. Wanaovitaka vitabu wakikosa kufika, meza za soko zitagawanywa kwa wale waliofika, na hapatakuwa na wa kulaumiwa.

Kwa mfanyabiashara, njia nyepesi ni kuanza na meza na kuliacha duka lije baadaye. Meza moja ya vitabu ndani ya biashara nyingine, kwa mshonaji, kwa kinyozi au kwa muuza magazeti, haidai kodi ya pili. Siku maalum ya wiki, ileile kila wiki, huwafundisha wateja kuja. Kibali cha biashara cha kaunti kilipwe mapema. Kila kitabu kinachoingia kiandikwe daftarini pamoja na jina la aliyekileta, ili cha wizi kisipate mlango. Na vitabu vichanganywe: riwaya za Kiswahili, vitabu vya watoto, vya ukulima na ufugaji, historia, dini. Muuzaji asiyetegemea Januari peke yake hatashtuka mtaala ukibadilika tena.

Kwa wakazi, kazi iko nyumbani. Vitabu vya meza ya kwanza tayari viko Kitengela, chini ya vitanda na juu ya kabati. Anayehama ploti asivitupe. Mwalimu anayestaafu asiviache vioze. Chama cha akina mama kinachochanga kila mwezi kinaweza kuomba kila mwanachama alete kitabu kimoja pamoja na mchango wake. Wazazi nao wakague mifuko ya watoto: kitabu chenye muhuri wa shule kirudi shuleni.

Mwanafunzi atakayeshuka matatu hapo Noonkopir na kukuta meza ya vitabu, akanunua riwaya kwa pesa alizokuwa atumie kwa chipsi, hatakuwa amepewa msaada na yeyote. Atakuwa mteja, na mteja mmoja wa namna hiyo kila siku ndiye anayeiweka meza hiyo mahali pake hadi mwaka unaofuata.