Kiwanja na Nyumba: Tusome Kabla ya Kutia Dole Gumba

Leo tunazungumza juu ya ardhi ya kujenga.

Zamani mtu aliuliza: shamba lako linatoa magunia mangapi? Siku hizi anauliza: liko mbali gani na barabara? Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulitengwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, wafanyakazi wakaja, wafanyabiashara nao wakaja. Wote wanataka pa kulala. Misunkumilo ni kata ya Manispaa ya Mpanda. Kwa hiyo mji unatufuata mashambani, na sisi tunaona utazidi kutufuata.

Basi, tupige hesabu kidogo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kiwanja cha mita 20 kwa mita 30 ni mita za mraba 600. Gawanya. Unapata viwanja sita na kipande. Ondoa njia za kupita, bado vinabaki viwanja vinne au vitano. Mtu akija kununua ekari yako kwa bei ya shamba la mahindi, hesabu hii anayo kichwani. Je, wewe unayo?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi. Hapo ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Usitie dole gumba kwenye karatasi unayoweza kuisoma. Wameandika kipande, au shamba lote? Mpaka ni mti gani, njia ipi? Fedha zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno pia? Na mama yuko wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Akina baba, msinune.

Wewe unayenunua, jihadhari na wewe. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba anamfahamu muuzaji, lakini hana madaraka ya kugawa viwanja. Nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa. Uliza: eneo hili limepimwa? Mchoro wa mipango miji unapitisha nini hapa? Uliza kabla ya kufyatua tofali la kwanza. Jamani, tofali ni jasho! Unafyatua kiangazi kizima, unachoma tanuri, unapandisha ukuta, kisha unaambiwa barabara inapita sebuleni.

Serikali ikichukua ardhi yako kihalali, sheria inataka ulipwe fidia kamili, ya haki, bila kucheleweshwa. Wathamini wakija, soma fomu yao. Hesabu miembe yako mwenyewe, ulinganishe na walichoandika, ndipo utie sahihi.

Wiki ijayo tutaandika karatasi ya mauziano ubaoni, mstari kwa mstari. Njooni na daftari na kalamu. Mwenye karatasi ya zamani nyumbani aje nayo, tuisome pamoja.