Msalaba wa Mkunazini na Wapagazi wa Njia Yetu

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tabora)



Nimeombwa niseme machache juu ya kumbukumbu za kale. Katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililosimama mahali palipokuwa soko la watumwa, umo msalaba wa mti. Mti huo ulitoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Nautaja hapa Tabora kwa kuwa habari yake ilipita mlangoni petu.

Livingstone alikaa hapo Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi. Oktoba 1873 alirudi akiwa maiti, amebebwa na watu wake wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Luteni Cameron, waliyemkuta hapa, aliwashauri wamzike papa hapa. Walikataa. Walikwisha kuazimia kumfikisha kwao.

Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa maiti kupita nchini mwao. Basi sikilizeni akili ya wapagazi. Walifunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakayapeleka Unyanyembe kana kwamba wanarudi kuzika. Waliobeba waliyatupa porini, bua moja moja. Maiti yenyewe ikafungwa kama robota la nguo, ikapita. Februari 1874 ikafika Bagamoyo, baada ya miezi tisa na zaidi ya kilometa 1,500 kwa miguu.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London. Jiwe la kaburi lake lasema aliletwa na mikono yaaminifu. Mikono ya nani? Jiwe halisemi. Kati ya waliombeba, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyehudhuria mazishi.

Vijana, neno langu ni hilo. Jiwe hudumu, lakini husema yale tu aliyoyataka mwenye patasi. Wanyamwezi wengi walibeba mizigo katika njia hii. Mwendapo likizo, waulizeni wazee majina ya babu zao waliokwenda pwani, myaandike madaftarini. Sisi wa zamani tutayasoma kwa furaha.