Pumse Isisubiri Wiki ya Mtihani



Nashukuru kwa heshima ya kuwavisha vijana wetu wa taekwondo mikanda mipya. Kabla ya hapo nina neno kuhusu pumse, ule mfululizo wa kinga, ngumi na mateke ambao mchezaji huucheza peke yake, bila mpinzani.

Wazazi huuliza faida yake, kwa kuwa medali za Olimpiki, tangu Sydney mwaka 2000, hutolewa kwa pambano tu. Wana haki ya kuuliza. Pumse nane za Taegeuk, anazopitia mwanafunzi kabla ya mkanda mweusi, zimefungamanishwa na alama nane za falsafa ya kale ya Mashariki ya Mbali. Ya kwanza ni mbingu, ya tatu moto, ya saba mlima, ya nane ardhi. Mlima humfundisha kijana kujua pa kusimama, na mwenye teke kali asiyejua pa kusimama ni hatari mtaani.

Wenzetu wa ITF, shirikisho la taekwondo lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966, wana mfululizo uitwao Joong-Gun. Una miondoko 32, umri wa mzalendo wa Korea Ahn Joong-Gun, kwa hesabu ya Kikorea, Wajapani walipomnyonga mwaka 1910. Kijana anayeucheza bila kumjua mtu huyo amenyoosha viungo tu.

Hata waamuzi hawaangalii miguu peke yake. Katika mashindano ya pumse ya dunia, usahihi hubeba alama 4 kati ya 10. Sita zilizobaki ni za kasi na nguvu, mdundo, na ule uhai unaoonekana machoni na katika pumzi. Kosa dogo hukata 0.1, kubwa 0.3. Uhai huo haupatikani kwa kukariri haraka haraka, na inaniuma kuona klabu zinazoikumbuka pumse wiki ya mtihani.

Walimu, nawaomba pumse ipewe muda wake katika kila zoezi, hata msimu wa mapambano. Wazazi, mtoto akirudi nyumbani msimuulize mkanda tu. Mwambieni acheze pumse yake pale uani, aeleze kila kinga inazuia nini.

Baada ya kusema hayo, nawaita vijana waje mbele wavishwe mikanda yao.