Mshale wa Petroli

Bwana Mwenyekiti, walimu wetu wastaafu, na ninyi wenzangu mliokula nami maharage ya bwenini: Katibu ameniomba nizungumze juu ya gari langu kuukuu, kwa kuwa limeegeshwa pale nje na nyote mmekwisha kulicheka. Nitasema juu ya mshale mmoja tu, ule wa petroli.

Gari lenyewe ni MGB la mwaka 1966, la viti viwili, lililoundwa Abingdon, Uingereza. Nililinunua Mombasa mwaka 2009. Lilikuwa likilala uani pamoja na magari ya majirani, chini ya mlinzi wetu, mzee aliyenizidi umri. Jioni moja nililizima mshale ukiwa kwenye nusu. Asubuhi nikaliwasha, mshale upo robo. Baada ya siku chache, vivyo hivyo. Nikamwita mzee mbele ya watu, nikamwambia ananifyonzea petroli.

"Bwana, hata tone sijagusa," alisema. Wiki ile ile akaondolewa kazini.

Mwezi uliofuata, tukiwa na mlinzi mwingine, mshale ukashuka tena usiku. Hapo ndipo nilipofungua daftari langu, ambamo huandika lita ninazotia na maili ninazokwenda. Hesabu haikuwa imebadilika hata kidogo. Petroli yote ilichomwa na injini.

Nikaanza nyuma, kwenye tangi. Nikachomoa waya wa boya, mshale ukalala sifuri. Nikaugusisha kwenye bodi kwa nukta chache, ukapanda hadi mwisho. (Msifanye hivyo penye harufu ya petroli.) Basi waya na kipimo vilikuwa vizima. Nikanunua boya jipya, nalo halikusaidia kitu.

Nyuma ya ubao wa vipimo kuna kikopo kidogo cha kudhibiti volti. Mnaukumbuka ule ukanda wa metali mbili, mwalimu wa fizikia alioupindisha juu ya moto? Ndio uliomo humo. Unapata joto, unapinda, unakata umeme. Unapoa, unaunga tena, na kipimo kinapata wastani wa volti 10. Lakini umeme unaoupasha joto lazima urudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, kwa skrubu moja tu. Skrubu yangu ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi ya bahari. Ikilegea, ukanda haupati joto, haukati, na volti zote, 14 hivi injini ikizunguka, zinakwenda kwenye kipimo. Kipimo nacho kinaendeshwa na joto, na joto hufuata mraba wa volti: 196 badala ya 100. Karibu mara mbili! Robo ikasomeka nusu. Asubuhi nikibamiza mlango, skrubu inashika, na mshale unasema kweli.

Niliisugua kwa msasa, nikaikaza. Dakika kumi.

Kumpata mzee kulichukua siku nne. Nilimkuta Likoni, akiuza mkaa. Nikamweleza yote, hata mraba wa volti, nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, Bwana," akasema. "Na wale majirani, nani atawaambia?"

Tulivuka feri pamoja jioni ile ile. Nyumba zilikuwa kumi na moja. Nilibisha hodi zote, naye amesimama kando yangu.