Tufundishe Kwanza, Kuuza Kutafuata

Maneno tuliyosema mbele ya Mkutano Mkuu wa ushirika wetu, kwa jina la ekipe ya kazi



Komite imetuomba tuseme juu ya ile programu ya simu vijana wetu walitengeneza kwa kuandika hesabu za AVEC. Munawajua hao vijana. Walijifunza kompyuta kule kambini Nyarugusu, wakarudi nyumbani na ujuzi huo kichwani, maana mizigo mingine ilibaki. Leo kuna swali moja kwenye meza: ushirika utoe dola 2,000 za mfuko wetu kwa matangazo ya redio, mabango na fulana, ao tutafute njia ingine? Sisi tunaona kuna njia ingine. Tutaeleza sababu, kisha ninyi ndio mtaamua, kwa kuwa makuta ni yenu.

Tuanze na hesabu, bila kuficha. Kikundi kimoja kinalipa dola 12 kwa mwaka. Vijana wawili wanaoshugulika na programu kila siku wanahitaji dola 100 kila mmoja kwa mwezi. Mahali pa kuhifadhi hesabu kwenye intaneti panakula dola 20. Jumla ni dola 220 kwa mwezi, ni kusema dola 2,640 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 12, unapata vikundi 220. Leo vikundi vinavyolipa ni 31. Na msaada wa mfadhili unaobeba hii kazi unaisha mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo hatuko hapa kwa kupamba maneno. Kama tutakosea, vijana watazima mashini na vikundi 31 vitarudi kwenye daftari.

Sasa, mtu atasema: kama vikundi ni vichache, si tutangaze? Hata sisi tulisema hivyo, na tulifanya. Miaka miwili iliyopita tulichapa fulana 40, tukapita na megafoni siku za soko. Vikundi 22 vikaandikishwa kwa mwezi mmoja. Tulifurahi sana, tukapiga picha, tukaandika ripoti nzuri. Nyuma ya miezi mitatu vilibaki 2. Fulana bado munaziona shambani, lakini programu ilifutwa kwenye simu.

Tulienda kuuliza kikundi kwa kikundi sababu ni nini. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeuza kitu mbele ya watu kutuamini. Mama mmoja, mtunza hesabu wa kikundi chake, alituambia: “Watoto wangu, mulituonyesha namna ya kubonyeza. Hamukutuambia simu ikiibiwa, akiba yetu inaenda wapi. Na majina yetu, nani anayaona?” Sisi watu tuliokimbia tunajua jina kwenye liste linaweza kukuletea mchele, linaweza pia kukuletea shida. Mama alikuwa na haki.

Ile jioni tuliandika jibu kwenye karatasi moja. Simu ikiibiwa, akiba iko bado ndani ya sanduku lenye vifuli vitatu, sababu programu haishiki makuta, inashika hesabu tu. Hesabu ziko na nakala, na mtunza hesabu anaweza kuzirudisha kwenye simu ingine kwa neno lake la siri. Majina hatuyauzi wala hatumwonyeshi mtu wa nje. Halafu kijana mmoja akasoma karatasi hiyo kwa sauti, Kiswahili kwanza, kisha Kibembe, akaituma kwa WhatsApp. Hatukulipia kitu. Ile sauti ilipita simu kwa simu mpaka ikafika vijiji ambavyo sisi wenyewe hatujafika. Kabla ya mwezi kuisha, vikundi vitatu vilitutafuta. Hivyo vitatu viko nasi mpaka leo.

Hapo ndipo tulianza kusoma namna wengine walikuza biashara ya programu. Tuwape mfano mmoja wa mbali, kisha wa karibu.

Wa mbali uko Chicago, kule Marekani. Mwaka 1999 kulianzishwa kampuni ndogo inayoitwa 37signals, ambayo Jason Fried ni mmoja wa waanzilishi. Kazi yao ilikuwa kutengenezea watu wengine kurasa za intaneti. Tangu mwanzo walikuwa wanaandika mbele ya watu wote yale waliyojifunza kazini: nini kinasumbua mteja, kwa nini kitu rahisi ni bora kuliko kitu kikubwa. Walifanya hivyo kwa miaka, bila kuwa na programu ya kuuza. Kisha wakaona kazi zao wenyewe zinachanganyikana, wakatengeneza programu ya kuzipanga, wakaiita Basecamp. Walipoitoa mwezi wa pili 2004, watu wa kwanza kuinunua walikuwa wale wale waliozoea kuwasoma. Wenyewe wanaeleza kwamba walitumaini kufikia dola 5,000 kwa mwezi nyuma ya mwaka mzima. Walifika hapo karibu wiki sita.

Tena ule mwaka wa 2004, mwenzao David Heinemeier Hansson, mtu wa Denmark, alichukua vyombo alivyotumia kujenga Basecamp akavitoa bure, kwa jina Ruby on Rails. Mafundi wa nchi nyingi wakavichukua, wakavirekebisha, wakafundishana. Kila aliyejifunza chombo hicho alijifunza pia jina la kampuni. Mwaka 2006 waliandika kitabu chote juu ya namna yao ya kufanya kazi.

Tulipowaeleza wazee habari hii, mzee mmoja akatuuliza: “Ukimfundisha mtu kila kitu, atakulipa juu ya nini?” Ni swali zuri. Tujibu kwa hesabu ya mgawo, ile munayoijua wote. Tuseme mwisho wa mwaka sanduku liko na franka 1,260,000, na hisa zote zilizonunuliwa ni 900. Unagawanya: hisa moja ina thamani ya franka 1,400. Kama ilinunuliwa 1,000, imezaa 400. Mama aliye na hisa 60 anapata franka 84,000. Tumemaliza kuwafundisha, na hamukulipa kitu. Lakini muko 25 ndani ya kikundi, kuna mikopo haijarudi, kuna faini, kuna aliyekosa mikutano mitatu. Kuhesabu hayo yote kwa mkono ni alasiri nzima na makelele. Mtu analipa dola 12 kwa kuokoa ile alasiri na amani ya kikundi. Halipi sababu tumemficha hesabu. Na yule aliyejifunza hesabu kwetu, siku atakapotafuta programu, ataanza kwa nani?

Mfano wa karibu: ninyi wengi muliulizwa maswali na watu wa mashirika walioshika simu ao tableti. Mara nyingi kinachotumika ni KoboToolbox. Hiyo ilijengwa juu ya kazi ya ODK, iliyoanza mwaka 2008 kwenye chuo kikuu cha Washington, mjini Seattle. ODK ilitolewa bure. Watumiaji wake wa nchi mbalimbali wanajibizana maswali, na wengine wamejitolea kutafsiri maneno yake kwa lugha zao. Sisi wenyewe, siku fomu inatukatalia huku uwanjani, mara nyingi jibu tunalipata kwa mtumiaji mwenzetu aliyepata shida hiyo mbele yetu. Ile ndiyo jamii: watu ambao kitu kimewasaidia, nao wanamsaidia mwingine bila kuamriwa.

Na tusiende mbali. Hata AVEC zenyewe hazikuletwa na mabango. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991, upande wa Maradi, wanawake wa vijijini pamoja na shirika CARE. Ulienea Afrika nzima kwa sababu kikundi kilichofaulu kinaonyesha kikundi jirani.

Lakini tuseme ukweli: Chicago si Fizi. Kule umeme haukatiki kila siku, na mteja analipa kwa karata bila kutoka nyumbani. Hapa mtu ananunua mega kidogo kidogo, na video moja inaweza kumaliza mega za wiki. Tena wale wa 37signals hawakuacha kazi yao ya wateja siku ya kwanza. Waliendelea nayo mpaka programu ilipoweza kuwalisha. Kwa hiyo vijana wetu wasifunge kile kibanda cha fotokopi na kuchaji simu. Kibanda kinawalisha, na pale ndipo wanasikia maswali ya watu.

Basi tunapendekeza mambo manne.

La kwanza: kila wiki swali moja, jibu moja. Swali litoke kwa watunza hesabu wenyewe, lisitoke kichwani mwetu. Mkopaji akihama mji, munafanya nini? Mwanachama akifa, hisa zake zinaenda kwa nani? Jibu liwe la sauti, dakika tatu, Kiswahili na Kibembe, na karatasi moja ya kubandika ukutani kwa wasio na simu. Lifae hata kikundi kinachotumia daftari na hakitalipa kamwe.

La pili: siku moja ya mwezi, watunza hesabu wakutane. Sisi tutalipa chai na nauli ya wanaotoka mbali. Hatutahubiri. Anayejua amwonyeshe asiyejua. Na kijana wa programu akae nyuma, aandike pale watu wanapokwama.

La tatu: makosa yetu tuyaseme sisi wenyewe. Mwezi wa sita programu ilihesabu faini mara mbili kwa vikundi vinne. Vijana walitaka kurekebisha kimya kimya. Tulikataa. Tulituma sauti kwa vikundi vyote 31 tukasema kosa ni hili, franka ni hizi, limerekebishwa hivi. Tuliogopa watatoka. Hakuna aliyetoka, na mmoja akaleta jirani yake.

La nne: majina na hesabu ni mali ya kikundi. Kikundi kikitaka kutoka, kipewe hesabu zake zote kwenye karatasi, bila kulipa na bila maswali.

Haya yote yataomba dola 900 kwa mwaka, si 2,000. Zile 1,100 zibaki kwenye mfuko, juu tuko na familia ambazo bado zinalala chini ya shitingi, na komite inazijua.

Je, tutafika vikundi 220 kabla ya mwezi wa kumi na mbili? Hapana, na hatutawadanganya. Njia hii ni ya polepole. Mwanzoni utafundisha miezi na kuona kama hakuna kitu. Tunafikiri tutafika 80. Hizo ni dola 960 kwa mwaka. Zinatosha kulipa ile nafasi ya intaneti, dola 240, na zinabaki 720 kwa vijana wawili, ni kusema dola 30 kila mmoja kwa mwezi. Ni kidogo. Tumewauliza mbele ya kuja hapa. Wamekubali kuendelea hivyo kwa mwaka mmoja, kibanda kikiwa pembeni. Tunaomba muwapigie makofi kwa hilo, maana wangeweza kuondoka.

Kwenu wafadhili, tuko na ombi moja. Musituulize mwaka ujao tumegawa fulana ngapi ao tumeandikisha vikundi vingapi. Sisi tulishawapa tarakimu 22 kwenye ripoti, na mulishangilia pamoja nasi. Mutuulize hivi: vikundi vingapi viligawa akiba bila ugomvi, na vingapi vilirudi kwa mwaka wa pili? Ile tarakimu ni ngumu kuipamba.

Kwenu wanachama, tunaomba mulete maswali. Yule mama hakutupa franka hata moja ile siku, alitupa swali tu. Swali lake limetuletea vikundi kuliko megafoni. Leo ameketi pale mbele. Kikundi chake kimerudi mwezi uliopita, na amesema atafungua mkutano wa kwanza wa watunza hesabu yeye mwenyewe, kama mutaupitisha.

Bwana Prezida, tumemaliza. Tunarudisha neno kwako, watu wapige kura.