Samaki Asiye na Bei

Juma hili tuzungumze juu ya samaki. Simzungumzii samaki wa Mafia wala wa Tanga, bali yule anayeliwa juu milimani, kule Mbeya na Iringa, katika zile hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani na bei ambazo mtu huzisoma mara mbili.

Kutoka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, hadi Iringa ni kiasi cha kilometa 500. Hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Samaki anayesafiri njia hiyo hupita Chalinze na Morogoro, hukatiza mbuga ya Mikumi, hukutana na joto la Ruaha Mbuyuni, kisha hupanda Kitonga nyuma ya malori yanayokwenda mwendo wa kinyonga. Akifika Mbeya amepanda kutoka usawa wa bahari hadi mita zipatazo 1,700. Abiria wa basi akimaliza safari hiyo hushuka akinyoosha miguu na kulalamika. Samaki halalamiki, na hapo ndipo penye hatari.

Nasema hivi kwa sababu hivi karibuni nilikula chakula cha jioni katika hoteli moja ya fahari mjini Mbeya. Jina lake naliacha, kwani neno langu haliihusu hoteli hiyo peke yake. Orodha ya vyakula ilikuwa na ukurasa mzima wa vyakula vya baharini: kamba wakubwa, ngisi, pweza, na nguru wa kukaanga kwa siagi. Nje baridi ilikuwa imeshuka kutoka mlima Loleza; ndani, ukutani, palikuwa na picha ya jahazi.

Nikamwuliza kijana mhudumu, "Nguru huyu ametoka wapi?"

Akanijibu kwa adabu, "Baharini, mzee."

"Lini?"

Akatabasamu, akaenda jikoni kuuliza, akarudi na jibu kwamba samaki ni mzuri sana. Basi nikamwuliza kama wana mbasa. Akashusha sauti. "Mbasa yupo, mzee, ila yule tumepika kwa ajili yetu sisi wafanyakazi." Nikamwomba aniletee huyo wa wafanyakazi. Akaenda kuuliza tena, na safari hii akakawia. Aliporudi aliniambia kwamba haiwezekani, kwa kuwa chakula kile hakina bei.

Ndugu wasikilizaji, neno hilo, "hakina bei", ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Kwa wale wasiomfahamu, mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa, mweupe kama fedha, mwenye nyama tamu na miba ya kumfunza mlaji subira. Wavuvi wa Kyela na Matema humvua chini ya milima ya Livingstone. Kutoka Kyela hadi Mbeya kuna barabara ya lami inayopita Tukuyu, safari ya saa chache tu. Samaki aliyevuliwa alfajiri anaweza kuwa mezani Mbeya mchana wa siku hiyo hiyo. Iringa nako hawana sababu ya kulia njaa ya samaki. Bwawa la Mtera, lililojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, limewapa watu perege na kambale kwa miaka zaidi ya arobaini. Abiria wa mabasi ya Iringa na Dodoma wanawafahamu vizuri samaki wanaouzwa pale Mtera, kwani huwanunua na kurudi nao nyumbani.

Kwa hiyo katika miji hii samaki wa jirani anakula mfanyakazi, naye ndiye aliyetoka majini karibuni. Mgeni analipia samaki wa mbali, ambaye siku yake ya kuvuliwa haijulikani hata kwa mpishi. Aliyelipa zaidi ndiye aliyekula kilichokaa zaidi.

Sikatai samaki wa bahari. Nguru akihifadhiwa vizuri ni chakula cha heshima popote, hata kileleni mwa Rungwe. Lakini kuhifadhi kuna masharti. Samaki anayezikwa katika barafu tangu mashuani hadi jikoni anaweza kukaa siku nyingi akiwa salama. Samaki aliyeachwa juani saa kadhaa na kutiwa barafu baadaye amekwisha kuharibika, na barafu haimrudishii uzima. Kwa samaki wa jamii ya jodari, vibua na nguru kuna jambo zaidi. Wakikaa katika joto, hutokea katika nyama yao sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mlaji hupata wekundu wa uso, kuwashwa mwili na kuumwa kichwa, akadhani amerogwa au ni pombe. Siagi na ndimu hufunika harufu, sumu haifunikiki.

Ndiyo maana swali la "lini" si swali la ukorofi. Wanunuzi wakubwa duniani huliuliza bila kuona haya. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya sangara viliumia, na wavuvi wakaumia zaidi. Lakini baada ya hapo ukaguzi uliimarishwa, mialo ikatazamwa upya, samaki wakapimwa, na soko likafunguliwa tena. Mlaji wa Ulaya aliuliza, akajibiwa. Je, mlaji wa Mbeya au Iringa, anayelipa kwa shilingi yake halali, haki yake ya kuuliza imeishia wapi?

Wenye hoteli nao wana hoja zao, na ni haki tuzisikie. Wanasema mgeni anayekwenda kutazama wanyama Ruaha au maua ya Kitulo akiketi mezani hutaka kamba, maana ndilo jina analolijua. Wanasema mbasa ana msimu wake. Leo wapo tele, juma lijalo hakuna hata mmoja. Wanasema muuza samaki wa Dar es Salaam hupokea oda kwa simu na kuleta kilo zilizoagizwa, ilhali mvuvi wa ziwani huleta alichojaliwa, na mara nyingi bila barafu. Hoja hizi ni za kweli. Lakini zote zinaeleza kazi ambayo haijafanywa. Hakuna hata moja inayosema kwamba mbasa hafai.

Tazameni mchele. Mchele wa Kyela ukifika Dar es Salaam hutajwa kwa jina lake, na mama mnunuzi huunusa kwanza, kisha hukubali kuongeza fedha. Jina limeupa bei. Hata wafanyabiashara wasio waaminifu hubandika jina la Kyela kwenye magunia ya mchele wa kwingine, na mtu haibi jina lisilo na thamani. Wilaya hiyo hiyo ndiyo inayotoa mbasa, lakini yeye hupanda mlima bila jina, akaingilia mlango wa jikoni.

Ng'ambo ya ziwa hilo hilo, ndugu zetu wa Malawi wana samaki wao, chambo. Huyo hafichwi. Hoteli zao humwandika katika orodha na kumwandalia mgeni kama fahari ya nchi. Hata hivyo habari ya chambo ina upande wa pili. Katika miaka ya 1990 alipungua sana sehemu za kusini za ziwa na katika Ziwa Malombe, kwa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi na kwa nyavu za macho madogo. Jina zuri bila ulinzi humaliza samaki.

Nasi tulikumbuke hilo kabla ya kumpigia mbasa debe. Mbasa hupanda mito kwenda kutaga mayai, na mtu akitandaza nyavu mdomoni mwa mto hukamata mama na watoto ambao hawajazaliwa. Tayari ametajwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Wapo watakaosema, basi afadhali aendelee kukosa bei, asije akamalizwa. Mimi naona kinyume chake. Mvuvi anayeuza samaki kwa bei ya kutupa hulazimika kuvua wengi zaidi ili apate fedha ya daftari za watoto. Samaki mwenye bei nzuri, anayenunuliwa kwa kipimo na kuachwa wakati wa kutaga, humpa mvuvi sababu ya kumlinda. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 tunayo. Kinachopungua ni mnunuzi anayesema waziwazi: simnunui samaki huyu msimu wa kutaga, wala mchanga sinunui.

Mnunuzi huyo anaweza kuwa hoteli. Hoteli ikikubaliana na kikundi cha wavuvi wa Matema au wa Mtera, ikawalipa kwa kilo, ikachangia sanduku la barafu, na ikaandika katika orodha yake "mbasa, akipatikana", haitapoteza mgeni. Mgeni aliyesafiri kutoka London hadi milima ya Nyanda za Juu Kusini hakuja kutafuta kamba ambaye angempata kwao. Halmashauri nazo, zinazotoza ushuru mialoni, zingefanya vema kurudisha sehemu ya fedha hiyo kwa njia ya barafu, kivuli na maji safi.

Nasi walaji tunayo sehemu yetu. Tukiingia katika hoteli hizo, tuulize mambo mawili tu: samaki huyu ametoka maji gani, na ametoka lini. Tuulize kwa upole, maana kijana anayetuhudumia hakumleta yeye. Akijua, tumshukuru. Asipojua, tumwombe akaulize. Na akisema kwamba jikoni yupo samaki wa ziwani aliyefika leo lakini hana bei, tumwambie amwite meneja aje ampangie bei, tulipe, tule.