Unga Mweupe wa Kilimo Hai: Soma Pakiti Kwanza

Leo tuzungumze juu ya unga wa mkate.

Madukani kuna unga mweupe wa ngano ulioandikwa "kilimo hai". Maana yake ni kuwa ngano ilikuzwa bila mbolea wala dawa za kemikali za viwandani. Hiyo ni habari ya shamba, si habari ya lishe. Ngano ikisagwa kuwa unga mweupe, pumba na kiini huondolewa, na humo ndimo yalimo madini ya chuma na vitamini nyingi. Ya kilimo hai nayo hupoteza vivyo hivyo.

Ndiyo sababu tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa pakiti uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini, pamoja na foliki asidi. Unga mwingine wa kilimo hai unaotoka nje huwa haujaongezwa.

Mama, jambo hili ni zito. Uti wa mgongo wa mtoto hujiunda katika wiki 4 za kwanza, kabla hujajua una mimba. Foliki asidi ikipungua, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Basi geuza pakiti, utafute alama ya urutubishaji. Mkate uule pamoja na maharagwe na mboga za kijani. Na ukipanga kupata mtoto, usingoje tumbo lionekane: fika kliniki mapema, uulize vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku.